Kuhakiki Jedwali la Dozi kwa Kompyuta: Jinsi ya Kusimika Coq na Maktaba Zake

Mtoto mwenye malaria isiyo kali anapofikishwa zahanati, iwe Ulemo wilayani Iramba au kwingineko nchini, idadi ya vidonge vya dawa mseto (ALu) atakavyopewa huamuliwa na uzito wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani una makundi manne: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1, 15 hadi chini ya 25, vidonge 2, 25 hadi chini ya 35, vidonge 3, kilo 35 na kuendelea, vidonge 4. Kiasi hicho hutolewa mara mbili kwa siku, kwa siku 3.

Maneno mawili, “chini ya”, yamebeba jambo kubwa. Jedwali likifupishwa kuwa 5–14, 15–24, 25–34 na 35+, mtoto wa kilo 14.6 hana kundi. Muuguzi mwenye karatasi mkononi atatumia busara. Kompyuta haina busara. Programu iliyoagizwa kuangalia makundi matatu ya kwanza, kisha kumpa vidonge 4 yeyote aliyebaki, itampa mtoto huyo kiasi cha mtu mzima. Kuijaribu kwa uzito wa watoto ishirini hakutoshi, hasa kwa kuwa wajaribu wengi huingiza kilo kamili, nalo pengo limo kwenye desimali.

Ipo njia nyingine: kuthibitisha, kama katika hesabu za jiometria, kwamba hakuna uzito unaoachwa. Programu ya uthibitisho husoma dai na hoja zake, ikakataa hoja yoyote isiyofuata kanuni za mantiki. Mojawapo ni Coq, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1984 na Thierry Coquand na Gérard Huet katika taasisi ya INRIA. Tangu mwaka 2025 inaitwa Rocq. Hapa tunatumia toleo la 8.19.2, lenye jina la zamani.

Coq husimikwa kwa opam, programu ya kusimamia vifurushi. (Vifurushi hivi si vile tunavyonunua kwenye simu, ni mafungu ya programu na maktaba.) Mhudumu wa chanjo ataelewa upesi kazi yake. Chanjo ya surua haifai bila kiyeyushi chake, tena cha mtengenezaji yuleyule. Vivyo hivyo, kila maktaba ya Coq hudai toleo fulani la Coq, nayo Coq hudai toleo fulani la lugha ya OCaml. Opam hukagua ulinganifu huo kabla ya kupakua chochote.

Kwenye kompyuta yenye Ubuntu, fungua dirisha la amri, uandike mstari mmoja mmoja:

sudo apt install opam
opam init --bare
opam switch create dozi 4.14.1
eval $(opam env --switch=dozi)
opam pin add coq 8.19.2

Mstari wa tatu hutenga chumba kiitwacho “dozi”, ili kazi hii isichanganyike na nyingine. Wa tano hufungia toleo, lisije likabadilika siku ya kusasisha. Naushauri sana mstari huo: uthibitisho uliokubaliwa leo waweza kukataliwa na toleo jipya kwa sababu zisizohusu dawa kabisa. Maktaba za ziada, mathalani za hisabati, huongezwa hivi:

opam repo add coq-released https://coq.inria.fr/opam/released
opam install coq-mathcomp-ssreflect

Fanya haya mahali penye intaneti na umeme wa uhakika, kwani kompyuta hupakua na kuunda programu kwa muda mrefu. Ukimaliza, Coq hufanya kazi bila intaneti.

Sasa andika faili dozi.v, uzito ukiwa kwa gramu:

Require Import ZArith Lia.
Open Scope Z_scope.
Lemma hakuna_pengo : forall g, 5000 <= g ->
(5000 <= g < 15000) \/ (15000 <= g < 25000) \/
(25000 <= g < 35000) \/ 35000 <= g.
Proof. intros. lia. Qed.

Amri “coqc dozi.v” ikimaliza kimya, dai limethibitika kwa kila uzito kuanzia gramu 5000, si kwa ule uliojaribiwa tu. Badilisha kundi la kwanza liwe (5000 <= g <= 14000), uendeshe tena: Coq itakataa, ikitoa ujumbe “Cannot find witness”. Haitakutajia mtoto wa gramu 14600. Kumtafuta ni kazi yako. Wala kukataa peke yake si ushahidi kwamba dai ni la uongo, kwani huenda hoja ndiyo pungufu.

Kwako mgonjwa au mlezi, uthibitisho huu hausemi kwamba mizani ni sahihi, wala kwamba mtoto hakutapika dawa. Mwambie mhudumu uzito ulioonekana kwenye mizani pamoja na desimali yake, na umwulize ameingiza tarakimu gani. Mtoto aliye chini ya kilo 5 hayumo katika dai letu kabisa. Coq haikuulizwa habari zake, na dozi yake huamuliwa na tabibu.