Simu Zinafanana, Kufuli Hazifanani: Nani Alimwiga Nani, na Pesa Zako Zinaingiaje Hapo?

Pita Luthuli Avenue Jumamosi mchana uangalie yale makabati ya vioo. Simu ya elfu kumi na mbili imelazwa kando ya simu ya laki moja na nusu, na ukisimama hatua tatu nyuma huwezi kusema ipi ni ipi. Kamera tatu mgongoni, pembe za mviringo, kioo kimejaa hadi ukingoni. Muuzaji naye anakumalizia: "Hii ni sawa tu na ile nyingine, boss. Tofauti ni jina."

Kwa mambo mengi, hajadanganya sana. Kampuni za simu zimeigana kwa miaka hadi imekuwa vigumu kujua nani alianza. Lakini kuna kitu kimoja walichoiga sura yake tu bila kuiga kilicho ndani, nacho ni kufuli ya uso. Kwa wewe ambaye mshahara, karo ya watoto na pesa za chama zote zinapitia kwenye simu, hiyo ndiyo tofauti inayofaa kueleweka kabla ya kulipa. Tutafika hapo. Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo ni rahisi kudhani kila kinachofanana ni feki.

Kila mtu amewahi kuiga

Mwaka 2007 ulikuwa na mambo mawili ambayo hayakujuana. Machi, M-PESA ilizinduliwa hapa Kenya. Juni, iPhone ya kwanza ikaanza kuuzwa Marekani. Mwaka uliofuata ikaja simu ya kwanza ya Android, iliyotengenezwa na HTC, na vita vikaanza.

Vita maarufu zaidi ni vya Apple na Samsung. Aprili 2011 Apple ilienda mahakamani Marekani ikisema Samsung imeiga umbo la simu yake, mpangilio wa vile vipicha vya programu kwenye kioo, hata namna ukurasa unavyodunda ukifika mwisho. Agosti 2012 baraza la mahakama lilisema Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1. Kiasi hicho kilipunguzwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ikarudi chini, na Mei 2018 baraza lingine likasema dola milioni 539. Mwezi uliofuata wakapatana. Miaka saba! Na muda wote huo Samsung ilikuwa inaiuzia Apple vipuri vya kuundia simu zake. (Uingereza mambo yalienda tofauti. Mwaka 2012 jaji mmoja aliamua kwamba tableti za Samsung hazikuiga ya Apple, sababu mojawapo ikiwa kwamba hazikuwa za kuvutia kama ya Apple. Samsung ilishinda kesi, lakini sijui kama ilifurahia sababu.)

Usidhani Apple ni malaika kwenye hadithi hii. Ule mtindo wa kuvuta kioo kutoka juu uone ujumbe ulioingia ulikuwa kwenye Android tangu mwanzo, na Apple ikauleta mwaka 2011. Simu kubwa? Samsung ilitoa Galaxy Note mwaka 2011 na watu wakaicheka kwamba ni kama kuongea na sahani. Mwaka 2014 Apple ikatoa iPhone 6 Plus.

Halafu kuna hii ya chaja, ambayo mimi huona ni vichekesho. Oktoba 2020 Apple ilitoa iPhone 12 bila chaja kwenye boksi. Samsung ikaweka tangazo Facebook kuonyesha kwamba ukinunua Galaxy unapata chaja. Januari 2021 Samsung ikatoa Galaxy S21, na chaja haikuwemo. Tangazo nalo likafutwa. Lakini gharama ya mchezo huo iliangukia mnunuzi: ukitoa pesa nyingi namna hiyo kwa simu, halafu ukaenda River Road kutafuta chaja ya mia mbili, utakuwa unacheza na betri ya kitu ulichonunua kwa bei ya bodaboda. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa hapa bado zinakuja na chaja yake.

Washindani wa nyumba moja

Tukizungumzia hizo tatu. Huenda umewahi kusikia mabishano kwenye matatu ya Kawangware, mmoja akitetea Infinix na mwingine Tecno kana kwamba ni Gor na Ingwe. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion, yenye makao Shenzhen, China. Hata vile vifaa vya sauti vya Oraimo, na vituo vya ukarabati vya Carlcare, ni vya hao hao. Kwa hivyo sifa mpya ikitokea kwenye moja ya simu hizo halafu ikaonekana kwenye nyingine, hapo hakuna wizi, ni mtu kuhamisha viti kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Kuazima nje ya nyumba nako kupo. Septemba 2022 Apple ilitoa iPhone 14 Pro yenye kile kidude cheusi juu ya kioo kinachotanuka kukuonyesha simu inayoingia au muziki unaocheza, na kukiita Dynamic Island. Baada ya muda Tecno ikawa na Dynamic Port, Infinix ikawa na Magic Ring, itel ikawa na Dynamic Bar. Majina manne, wazo moja.

Lakini wazo husafiri pande zote mbili. Chukua laini mbili. Sisi Wakenya tulibeba laini mbili tatu kwa sababu kupiga kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kulikuwa ghali, na mtu alikuwa anafungua simu mgongoni kubadilisha laini kama anabadilisha betri ya redio. Tecno iliona hilo mapema na kuanza kuuza Afrika simu ya laini mbili mwaka 2007. Nokia, iliyokuwa mfalme wa soko, ilitangaza simu zake za C1-00 na C2-00 za laini mbili mwaka 2010. iPhone ilisubiri hadi 2018. Leo ukiwa na pochi mbili za pesa kwenye simu moja, ya biashara na ya nyumbani, unatumia wazo lililokua kwa sababu ya wateja wa masoko kama yetu.

Tofauti ya kuiga na kughushi

Hapa lazima tutenganishe. Infinix yenye mgongo unaofanana na wa iPhone ni Infinix. Imeandikwa jina lake, ina namba yake ya IMEI, ina mtu wa kumwendea ikiharibika. Simu iliyoandikwa "Nokla", au yenye jina la Samsung wakati Samsung haijawahi kuiona, ni feki, na hiyo ni kesi nyingine.

Kenya tulijifunza hilo kwa nguvu. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, tume ya mawasiliano, wakati huo ikiitwa CCK, iliamuru simu feki zizimwe. Karibu simu milioni 1.9 zilikatwa kwenye mitandao. Watu walilala na simu wakaamka na tochi. Na kwa kuwa tayari tulikuwa tunaweka pesa kwa simu, wengi walikimbia kutafuta simu ya kuazima ili waweke laini yao waweze kutoa pesa. Pesa zenyewe hazikupotea, kwa sababu haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti iliyofungamana na laini yako. Hilo ni la kukumbuka siku ukidondosha simu kwa choo.

Kuangalia IMEI ni kazi ya sekunde kumi: bonyeza *#06# na namba zinatokea. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha simu kabati na uondoke.

Sasa, kufuli ya uso

Mwaka 2017 Apple ilitoa iPhone X ikiwa na Face ID. Unatazama simu, inafunguka. Muda si mrefu karibu kila simu ya Android, hata za elfu kumi, ikawa na kufungua kwa uso. Kwa macho ni kitu kimoja. Ndani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Face ID hurusha usoni mwako zaidi ya nukta 30,000 za mwanga usioonekana kwa jicho, kisha husoma zilivyoangukia ili kujua pua imetokeza kiasi gani na macho yameingia kiasi gani. Yaani inapima sura yako kama fundi anavyopima kichwa cha kofia. Hata gizani inafanya kazi.

Simu nyingi za bei nafuu hazina vifaa hivyo kwa sababu ni ghali. Zinatumia ile kamera ya selfi tu. Inapiga picha ya uso, inalinganisha na picha iliyohifadhi, ikiona zinakaribiana inafungua. Picha kwa picha. Sasa jiulize, mtu akiishikia picha yako mbele itaonaje? Mwaka 2019 shirika la watumiaji la Uholanzi, Consumentenbond, lilitangaza matokeo ya kujaribu simu 110 kwa njia hiyo hiyo, picha nzuri ya mwenye simu. Simu 42 zilifunguka. Na picha yako nzuri iko wapi? Iko Facebook, iko status ya WhatsApp, na kwa wengi wetu iko kwenye kitambulisho kilichowekwa nyuma ya kava la simu hiyo hiyo.

Google wanalijua hili. Kwenye Android, kufuli za mwili zimegawanywa madaraja matatu, na lile la juu tu ndilo linaloruhusiwa kufungua funguo za siri ambazo programu za pesa na benki huhifadhi. Alama ya kidole kwa kawaida hufika daraja hilo. Uso wa kamera moja kwa kawaida haufiki. Ndiyo maana unaweza kukuta simu yako inafunguka kwa uso lakini programu ya pesa inakataa uso na kukuomba kidole au PIN. Tunapata malalamiko hayo mara nyingi, mteja akisema programu imeharibika. Haijaharibika. Imekataa kuamini kufuli dhaifu.

Utasema, si bado kuna PIN? Ni kweli, mwizi akifungua simu hawezi kutuma pesa bila PIN. Lakini ameshaingia sebuleni. Anasoma ujumbe wako, anaona salio la mwisho, anapokea namba za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS, na kama kitambulisho kiko kwenye kava ana namba yako ya kitambulisho na mwaka wako wa kuzaliwa. Kama PIN yako ni huo mwaka wa kuzaliwa, basi hatuna la kusaidia. Ibadilishe leo.

Kufuli nyingine ambayo si yako

Kuna wazo moja lililoazimwa ambalo linahusu pesa moja kwa moja. M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza mitambo midogo ya sola hapa Kenya kwa malipo ya kila siku kupitia M-PESA. Usipolipa, taa inazimwa kutoka mbali. Baadaye wazo hilo likahamia kwenye simu: usipolipa, kioo kinafungwa. Safaricom ilileta Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, na leo wanaouza simu kwa mtindo huo ni wengi, kuanzia maduka ya tao hadi vibanda vya Kangemi.

Mpango wenyewe umewapa wengi simu ambayo hawangeweza kununua kwa mkupuo. Shida iko kwa anayenunua simu ya mkono wa pili. Mtu anachukua simu ya mkopo, analipa wiki mbili, anaiuza kwa bei ya kutupa, anapotea. Wewe unaipeleka nyumbani Uthiru, wiki moja baadaye inajifunga na kukudai deni la mtu usiyemjua. Kufuta kila kitu kwenye simu hakuondoi kufuli hiyo. Na fundi anayeahidi kuitoa kwa elfu mbili anaweza kukurudishia simu inayojifunga tena ikipata intaneti.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa kwa muuzaji wa mkono wa pili, iwashe simu mbele yake, iunganishe na intaneti yako, ingia kwenye mipangilio na uangalie kama kuna ujumbe kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni fulani. Mwulize risiti. Ukishalipa, angalia jina lililokuja kwenye ujumbe wa uthibitisho kama ni la huyo aliyesimama mbele yako, na uuhifadhi ujumbe huo. Kukitokea shida, utakuwa ushahidi wako.

Na kwa simu uliyo nayo mkononi sasa hivi: fungua mipangilio, tafuta sehemu ya usalama. Kama simu ina sehemu ya kusoma alama ya kidole, sajili vidole viwili, kimoja cha kila mkono, kisha uzime kufungua kwa uso. Kama haina, tumia PIN ya tarakimu sita kufungua simu, na isiwe ile ya pesa. Kisha toa kitambulisho kwenye kava.