Mtoto na Mlango wa Shule

Somo: Mithali 22:6

Zamani mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa chake. Akiligusa sikio la upande wa pili, alikubaliwa shuleni. Asiyeligusa alirudishwa nyumbani, hata kama umri wake umetimia, maana vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba. Mkono ulipima mifupa, haukupima miaka wala akili.

Leo wazazi wa Bariadi wana njia iliyo bora. Kwanza, cheti cha kuzaliwa kipatikane mapema. Cheti cha ubatizo huweza kuwa ushahidi, lakini hakishiki mahali pake. Pili, mtoto aanze darasa la awali, azoee kusikiliza, kushika kalamu, na kusema Kiswahili, kwa kuwa nyumbani wengi husema Kisukuma. Tatu, asizuiliwe kwa umaskini: tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazitozi ada wala michango ya lazima.

Ng'ombe aweza kupata mchungaji mwingine. Umri wa mtoto haungoji.

Basi, mwinjilisti, uandikapo jina katika daftari ya ubatizo, uliza pia: Je! serikali imekwisha kumwandika?