Transista za Nguvu katika Uendeshaji wa Mota: Suala la Swichi na Joto

Utangulizi

Pikipiki za umeme zimeanza kuzoeleka katika barabara za Nairobi na miji mingine ya Kenya. Katika kila pikipiki ya aina hii mna kisanduku kinachopokea umeme wa betri na kuupeleka kwenye mota kwa kipimo, nacho mafundi hukiita kontrola. Kisanduku hicho kikiungua, chombo husimama na riziki ya mwendeshaji hukatika. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi transista zilizomo ndani yake zinavyofanya kazi na kwa nini joto ndilo adui wake mkuu.

Maana ya Nusukipitishi

Shaba hupitisha umeme kwa urahisi ilhali kioo huuzuia. Silikoni iko kati ya hali hizo mbili, ndiposa ikaitwa nusukipitishi. Upitishaji wake unaweza kuongozwa, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Transista ya kwanza iliundwa mwaka wa 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani. Mwaka wa 1959, Mohamed Atalla na Dawon Kahng wa maabara hiyo hiyo walibuni aina iitwayo mosfeti. Aina hii ndiyo inayotumika sana katika kontrola za pikipiki. Mosfeti ina sehemu iitwayo lango. Lango likipewa volteji ya kutosha, aghalabu volti 10 hadi 15, njia ya mkondo hufunguka. Volteji hiyo ikiondolewa, njia hujifunga. Kwa hivyo, mosfeti ni swichi isiyohitaji kidole.

Kwa Nini Swichi?

Chukulia betri ya volti 48 na mota inayohitaji volti 24 na mkondo wa ampea 40 ili kwenda polepole. Njia ya kale ni kuweka kikinzani kati ya betri na mota ili kile volti 24 zilizosalia. Kikinzani hicho kitageuza wati 960 kuwa joto, sawa na kiasi kile kile kinachoifikia mota. Nusu ya nishati ya betri itakuwa imepotea bure.

Transista hutatua tatizo hili kwa kufungua na kufunga njia ya umeme mara 20,000 kwa sekunde. Njia ikiwa wazi kwa nusu ya muda, mota hupata wastani wa volti 24. Kasi hiyo iko kwenye ukingo wa usikivu wa binadamu, hivyo mota hailii. Aidha, transista iliyofunguka kikamilifu huwa na ukinzani mdogo mno. Ukinzani huo ukiwa omu 0.005, mkondo wa ampea 40 huzalisha wati 8. Na kwa kuwa njia iko wazi nusu ya muda tu, wastani ni wati 4.

Hata hivyo, mkondo wa mota haukubali kukatwa ghafla. Njia inapofungwa, mkondo huo hulazimika kupata pa kuzungukia. La sivyo, volteji hupanda ghafla na kuipasua transista. Njia hiyo ya pili hutolewa na diodi au, katika kontrola nyingi, na transista ya pili. Transista hizo mbili hazipaswi kufunguka kwa wakati mmoja, kwani betri itapata njia ya mkato na zote mbili zitaungua. Ndiyo maana huachwa pengo fupi la muda baina ya kufungwa kwa moja na kufunguliwa kwa nyingine.

Chanzo cha Joto

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Kila transista inapobadili hali, kuna muda mfupi ambapo volteji na mkondo huwapo pamoja. Kwa mfano huu, wastani wa upotevu katika muda huo ni wati 960. Mabadiliko mawili, la kufungua na la kufunga, yakichukua jumla ya maikrosekunde 0.2, upotevu wa mara 20,000 hufikia takriban wati 4. Jumla basi ni wati 8. Lakini lango likiendeshwa kwa uvivu, mabadiliko yakachukua maikrosekunde 2, upotevu huo hupanda hadi wati 38, na jumla huwa wati 42.

Ukinzani wa Joto

Joto nalo husafiri kama mkondo: hutoka ndani ya transista, likapita kwenye pedi ya kuhami, likaingia kwenye bapa la alumini na hatimaye hewani. Ukinzani wa njia hiyo ukiwa nyuzi 6 kwa kila wati, wati 8 huongeza nyuzi 48. Hewa ikiwa nyuzi 35 za Selsiasi, transista hufikia nyuzi 83, kiwango salama. Wati 42 zingeifikisha nyuzi 287, ilhali transista nyingi za silikoni zina kikomo cha nyuzi 150 au 175. Hali kadhalika, ukinzani wa mosfeti huongezeka kadiri inavyopata joto, hivyo joto huzaa joto.

Hitimisho

Ni bayana kwamba kubadilisha transista iliyoungua pasipo kuchunguza kiini cha hitilafu ni kuahirisha hasara. Fundi hana budi kukagua volteji ya lango, pedi ya kuhami na skrubu zinazoshikilia transista kwenye alumini. Vilevile, dhana ya ukinzani, inayotumika kwa umeme na kwa joto pia, ni ushahidi kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuieleza taaluma hii kwa mantiki inayoshikamana. Kinachohitajika ni kukitumia katika karakana na katika madarasa ya ufundi, ili maarifa haya yamfikie mwenye bisibisi mkononi.