Nimeokoka, mbona bado naogopa?

Pale Kizwite, mjini Sumbawanga, mtu huokoka Jumapili, na hofu yake ya uchawi ikaamka naye Jumatatu. Mchungaji anajibu maswali anayoulizwa zaidi baada ya ibada.

Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nimeokoka, lakini bundi akilia juu ya paa sipati usingizi. Wokovu wangu ni wa kweli?

Amina, mama. Ni wa kweli. Hofu uliyolelewa nayo haing'oki kwa sala moja ya toba. Paulo anawaambia Wakolosai, sura ya 2, kwamba msalabani Kristo alizinyang'anya silaha enzi na mamlaka. Shikilia hapo, na usirudi kwa mganga hata "kwa tahadhari tu". Katika Matendo 19, waumini wa Efeso walichoma hadharani vitabu vyao vya uganga, vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Wangeweza kuviuza, lakini wangemuuzia mwenzao kifungo walichotoka. Basi hirizi iliyo kiunoni mwa mtoto, ikate, uichome.

Na usimnyooshee kidole bibi wa jirani. Nchi hii imewaua vikongwe, hasa Usukumani, kwa sababu ya macho mekundu, na mengi ya macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kuni walizopikia watoto wao. Aliyeshinda hofu hatafuti mtu wa kumtwisha msiba wake.

Wengine wanahubiri kwamba ushindi ni gari na nyumba.

Wasome Warumi 8. Paulo anataja dhiki, njaa, uchi na upanga, kisha anasema tunashinda tukiwa humo humo. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, akabaki nao.

Mimi nanunua mahindi vijijini. Wokovu unaigusaje biashara yangu?

Ndugu yangu, unaigusa kuanzia kwenye gunia. Unajua lumbesa: gunia limejaa, linaongezwa kilemba juu, linafumwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kile kilemba ni jasho la mtu. Wokovu unakurudisha kwenye nafasi ya mwana nyumbani mwa Baba, na mwana haibi shambani mwa ndugu yake. Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu kwa furaha. Alisema atarudisha mara nne.

Wazee wetu wa uamsho walilielewa hili. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Kampala mwaka 1929, na moto ukawaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Bukoba. Walokole wale waliungama dhambi kwa kuzitaja, wakarudisha walivyoiba. Naona huo ndio ushindi tulioupunguza siku hizi: tunakemea pepo kwa sauti kubwa, lakini deni la jirani hatulipi. Anza na mkulima mmoja unayemkumbuka. Mpelekee chake.

Nikianguka tena?

Petro alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa. Katika Yohana 21, kando ya moto mwingine wa makaa, Bwana alimuuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo. Hakumwondoa kazini. Nawe usisubiri mkutano wa injili mwakani. Mwendee leo mzee wa kanisa unayemwamini, umwambie jambo lenyewe kwa jina lake, muombe pamoja.