Mji wa Ghali na Msitu wa Bure

Watoto, fungueni ramani ya dunia. Wekeni kidole juu ya Epulu, mahali ambapo barabara kubwa itokayo Mambasa kwenda Nia-Nia inavuka mto. Mwaona mstari wa Ikweta? Sisi tuko kaskazini yake kidogo tu, digrii moja na kitu. Sasa pelekeni kidole upande wa mashariki, kiende sambamba na Ikweta, kisipande wala kisishuke. Kitavuka Ziwa Albert karibu na Kasenyi, kitapita Uganda na Kenya na kusini ya Somalia, kisha kitaingia Bahari ya Hindi. Msichoke, maana maji ni mengi. Mwisho kitagusa kisiwa kirefu cha Sumatra, na mbele yake kidogo kitafika juu ya kisiwa kilicho kidogo hata pengine kidole chenu kimekwisha kukifunika. Hicho ndicho Singapore.

Basi Epulu na Singapore ziko karibu katika mstari mmoja, ingawa kati yao kuna zaidi ya kilomita 8,000. Jua linalopita juu ya vichwa vyetu linapita pia juu ya vichwa vyao. Kwao hakuna majira ya baridi, mvua inanyesha kwa ngurumo kama hapa, na mchana na usiku vinakaribia kuwa sawa mwaka mzima. Saa tu ndizo zinazotofautiana: ninyi mnapoingia darasani saa mbili asubuhi, kule ni saa nane mchana. Na jambo jingine, ambalo ndilo sababu ya somo hili: zamani kisiwa hicho kilifunikwa na msitu mkubwa, kama huu wetu.

Leo Singapore ni mji, tena ni nchi. Mji ndio nchi nzima. Ilikuwa chini ya Waingereza, ikaungana na Malaysia mwaka 1963, na tangu tarehe 9 Agosti 1965 inajitawala peke yake. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 735 hivi, na watu wake ni kama milioni 6. Kuna Wachina, Wamalai, Wahindi na wengine. Ardhi ni ndogo, watu ni wengi, kwa hiyo kila kitu kina bei. Wale wanaohesabu gharama za miji ya dunia wameiweka Singapore juu kabisa mara nyingi. Mtu akitaka gari, kwanza anunue hati ya ruhusa ya kuwa na gari kwa miaka 10. Katika mwaka 2023 hati hiyo peke yake ilipita dola 100,000 za Singapore. Hiyo ni karatasi, gari bado!

Mgeni mwenye mfuko mwepesi afanye nini katika mji wa namna hiyo? Vitu vya kutazama bure si haba. Penye mlango wa mto kuna sanamu nyeupe ya simba mwenye mkia wa samaki, urefu wake zaidi ya mita 8, na kinywani mwake maji yanatoka mchana na usiku. Simba huyo yuko pale kwa ajili ya jina la mji. Katika Kimalai neno singa ni simba, na pura ni mji. (Msidhani kwamba singa na simba ni ndugu kwa sababu yanafanana. Lile limetoka India, na letu ni la Kibantu.) Katika kiwanja cha ndege kuna maporomoko ya maji ya mita 40 ndani ya nyumba ya vioo, yaliyofunguliwa mwaka 2019, na watu wanasimama kuyastaajabia. Hapa kwetu mto Epulu unapiga kelele juu ya mawe bila mtu kuusukuma kwa mashine. Kuna pia mahekalu, misikiti na makanisa. Kanisa kuu la Wakatoliki, lililofunguliwa mwaka 1847, linaitwa la Mchungaji Mwema, kwa kumkumbuka mmisionari Laurent Imbert aliyeuawa Korea mwaka 1839.

Lakini mahali ambapo mimi ningempeleka mtoto wa Epulu kwanza ni Bustani ya Mimea. Ilianzishwa mwaka 1859. Inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita usiku, kila siku ya mwaka, wala mlangoni hakuna wa kuomba fedha, isipokuwa katika sehemu moja ya maua yaitwayo okidi. Bustani hiyo imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, orodha ileile yenye Hifadhi yetu ya Okapi. Yao iliandikwa mwaka 2015, yetu mwaka 1996. Tumewatangulia.

Ndani ya bustani hiyo kuna habari inayotuhusu sisi watu wa Kongo, nayo ni habari ya mpira.

Tangu mwaka 1885 mpaka 1908 nchi yetu ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Wakati huo dunia ilitaka mpira kwa magurudumu ya baiskeli, na baadaye ya motokari. Katika misitu ya Kongo mpira ulipatikana katika kamba, yaani mimea ile inayopanda juu ya miti mikubwa. Watu walilazimishwa kwenda msituni kuitafuta. Aliyeleta kikapu pungufu alipigwa kiboko. Wengine walifungwa, wengine waliuawa. Kwa hofu na haraka watu waliikata kamba nzima ili wapate utomvu wote mara moja. Kamba iliyokatwa hivyo hufa. Mwezi uliofuata iliwapasa kwenda mbali zaidi, na mwezi mwingine mbali zaidi tena, na huku mashamba ya nyumbani yalikosa mtu wa kuyalima.

Katika miaka hiyohiyo, kule kwenye bustani ya Singapore, mtu mmoja alikuwa akichunguza mti mwingine wa mpira. Mti huo asili yake ni Brazili. Miche yake michache ilipelekwa Singapore mwaka 1877. Henry Ridley, Mwingereza aliyeanza kuitunza bustani mwaka 1888, aliutazama mti huo kwa saburi. Aliona kwamba haifai kuukata wala kuutoboa ovyo. Alichanja gome tu, kwa kisu kikali, mchanjo mwembamba wa kushuka kwa mshazari, na chini yake akatega kikombe. Utomvu ukatiririka asubuhi, kisha jeraha likafunga. Alichanja tena pembeni kidogo, na mti ukatoa tena. Mti uliochanjwa namna hiyo unaweza kutoa mpira miaka mingi. Ridley alizunguka na mbegu mifukoni akiwasihi wenye mashamba wazipande. Walimcheka, wakamwita mwenda wazimu. Kabla ya mwaka 1920 mashamba ya Asia yalikuwa yamejaa miti hiyo, na mpira wa kamba za msituni haukuwa tena na bei kubwa.

Wageni wengi hupita katika bustani ile wakitazama maua na kupumzika kwenye majani. Sidhani kama wengi wao wanakumbuka Kongo.

Kutoka hapo mgeni aende Bukit Timah. Bukit ni kilima kwa Kimalai. Ndicho kilima kirefu kuliko vyote vya Singapore, mita 163 tu, kwa hiyo mwenye miguu ya Ituri atakipanda bila kuhema. Hapo hapalipiwi kitu. Juu yake na kandokando yake kuna msitu wa asili, ambao ni sehemu ndogo iliyobaki ya ule uliofunika kisiwa chote. Mwaka 1854 alifika huko Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa wanyama, akakaa nyumbani kwa padre Mfaransa aliyekuwa na misheni yake hapo kilimani. Kila siku aliingia msituni kukamata wadudu. Katika mahali hapo padogo alipata aina 700 hivi za mbawakawa peke yao. Alisema kwamba sababu moja ya bahati yake ni wakata miti: walikuwa wakiangusha miti kila siku, na wadudu walikuja kwenye magogo na maganda.

Mnaona jambo lilivyokuwa? Wakati wadudu wanahesabiwa, nyumba yao inaangushwa.

Waliokuwa wakikata hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakulima maskini, wengi wao Wachina, waliopanda pilipili manga na mmea uitwao gambir, ambao majani yake yalichemshwa ili kupata dawa ya kulainisha ngozi. Kuchemsha kulitaka kuni nyingi. Udongo ulichoka baada ya miaka michache, wakahama, wakakata mahali pengine. Kabla karne ya 19 haijaisha, karibu msitu wote wa kisiwa ulikuwa umekwisha. Serikali ilishtuka, na mwaka 1883 ilitenga Bukit Timah. Chui milia, ambao Wallace alisikia habari zao za kula watu, waliisha kabisa. Wa mwisho aliuawa katika miaka ya 1930.

Hifadhi ya Bukit Timah sasa ni hekta 163 hivi. Mwaka 1986 barabara kubwa ya motokari ilipita kati yake na msitu mwingine wa jirani. Wanyama wa upande huu hawakuweza tena kwenda upande ule, waliojaribu walikanyagwa. Basi serikali ikajenga daraja la wanyama, urefu wake mita 62, ikaweka udongo juu yake na kupanda miti. Lilimalizika mwaka 2013, na kwa daraja hilo mamilioni ya dola yalitumika. Kakakuona wamepita juu yake, na ndege, na wanyama wadogo wa usiku. Watu hawaruhusiwi kulitumia wapendavyo. Sisi tunalo daraja letu la Epulu kwa ajili ya magari, na wanyama hawana haja nalo, maana msitu uko pande zote mbili. Wao wana magari pande zote, wakajenga daraja kwa ajili ya kakakuona.

Kando ya bahari kuna miti mingine ya kutazama bure, lakini hii ni ya chuma na saruji. Ni 18, na mirefu kabisa inafika mita 50. Mimea halisi imepandwa juu ya vyuma ili ipande kama kamba zetu. Usiku saa mbili kasorobo na tena saa tatu kasorobo taa za rangi nyingi huwaka katika miti hiyo, muziki hupigwa, na watu hulala chali chini wakitazama juu. Bustani ya miti hiyo ilifunguliwa tarehe 29 Juni 2012.

Tarehe hiyo tunaijua vizuri hapa, kwa sababu iko karibu na nyingine. Siku tano nyuma yake, Jumapili tarehe 24 Juni 2012, watu wenye silaha waliingia Epulu alfajiri. Walikuwa wakiwachukia walinzi kwa sababu ya kuzuia uwindaji wa ndovu na uchimbaji wa dhahabu katika hifadhi. Waliua watu, wakiwemo walinzi. Walichoma nyumba na kupora. Okapi 14 waliotunzwa katika kituo wakafa wote. Kituo hicho kilianza mwaka 1952, na wageni kutoka mbali walikuwa wakija Epulu kwa ajili ya okapi hao tu, maana okapi wa porini hawaonekani ila kwa nadra. Hata wataalamu wa Ulaya hawakumpa jina la kitaalamu mpaka mwaka 1901, na Wambuti walimjua tangu zamani.

Vituo huchomwa na kujengwa tena. Msitu una njia nyingine ya kuhesabu. Hifadhi ya Okapi, iliyotengwa mwaka 1992, ina karibu kilomita za mraba 13,700. Nchi nzima ya Singapore, pamoja na maghorofa yake, ingeingia ndani yake zaidi ya mara 18, na msitu wa Bukit Timah zaidi ya mara 8,000. Tangu mwaka 1997 hifadhi yetu iliandikwa pia katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wachimba dhahabu wameingia ndani yake, na mashamba yamesogea kandokando ya barabara.

Maswali

1. Onyesha katika ramani nchi tatu ambazo kidole chako kimezipita kutoka Epulu mpaka Singapore.
2. Kukata kamba ya mpira na kuchanja mti wa mpira kunatofautianaje? Eleza kwa maneno yako.
3. Kwa nini Wallace alipata wadudu wengi sana Bukit Timah?
4. Hekta 100 ni kilomita moja ya mraba. Hifadhi ya Okapi ni hekta ngapi?
5. Waulize wazee wa kijiji: walipokuwa watoto, msitu ulianzia wapi? Nenda mpaka mahali hapo, uhesabu hatua mpaka unapoanzia leo, uandike hesabu yako katika daftari.