Kutafuta Mara Moja katika Kanzidata Nyingi

Mkulima wa vitunguu wa Baray, wilayani Karatu, huweza kununua mbegu, mbolea na kiuatilifu katika duka moja. Hata hivyo, usimamizi wa bidhaa hizo umegawanyika: mbegu ziko chini ya TOSCI, mbolea chini ya TFRA, na viuatilifu chini ya TPHPA.

Zipo tovuti zinazopeleka swali moja katika kanzidata nyingi kwa pamoja, kisha kuunganisha majibu. Njia hiyo huokoa muda, lakini kanzidata moja isipojibu, mtafutaji huweza asijue. Aidha, herufi moja ikikosewa, bidhaa iliyosajiliwa huonekana kana kwamba haipo.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Andika jina na namba ya usajili kama zilivyo kwenye lebo.
2. Angalia ni kanzidata zipi zilizojibu.
3. Usipopata jibu, iulize taasisi husika au afisa ugani.
4. Hakiki kabla ya kufungua kifungashio, na utunze risiti.

Tukumbuke: kukosa jibu hakuthibitishi kuwa bidhaa ni bandia, wala jina kuonekana kwenye orodha hakuthibitishi kuwa chupa uliyoishika ni halisi.