CHOO KIKIFURIKA NDANI: TWAHARA NA USALAMA WA NYUMBA

Mvua zikizidi Kasulu na Kibondo, shimo la choo hujaa na maji machafu hurudi hadi chumbani. Wengi humwaga ndoo mbili za maji, harufu ikipungua wakatandika mswala. Hilo halitoshi.

Kisheria, najisi yenyewe huondolewa kwanza, ndipo pakaoshwa. Kiafya ni vivyo hivyo: dawa ya vijidudu hudhoofika ikikuta uchafu. Fuata utaratibu huu:

1. Waondoe watoto. Vaa buti na glavu. Usiingie shimoni, hewa yake huua.

2. Zoa uchafu wote, uuzike mbali na kisima. Sakafu ya udongo ikwanguliwe juu.

3. Osha kwa sabuni, kisha suuza.

4. Changanya kikombe 1 cha Jik ya 3.5% na vikombe 6 vya maji. Mwagia, acha dakika 10. Usichanganye na dawa nyingine, na fungua madirisha.

5. Nguo zichemshwe, mikeka ioshwe na kuanikwa juani. Godoro lililolowa litupwe.

Kulinyonya shimo ni kazi ya mafundi wenye vifaa. Muone Bwana Afya. Kisima kilichoingiwa kisitumiwe mpaka kitiwe dawa.

Tusipuuze. Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, mkoani Kigoma, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, na watu wapatao 30 wakafariki. Ugonjwa huo hupita katika kinyesi kinachofikia maji na chakula. Kulinda nafsi ni wajibu.

Wabillahi tawfiiq.